Kompyuta ya Nyumba Mpya: Sisi Tunasema Linux Mint



Mashoga, leo tunaweka pembeni singo na hina tuje kwenye kitu ambacho siku hizi kinaingia nyumba mpya pamoja na kabati na kitanda: kompyuta. Biharusi wa leo anahamia na laptopu yake. Ameisomea chuoni, anaiandikia oda za keki na madera, na humo ndani ndimo zilimo picha zake zote. Na laptopu nyingi za huku kwetu ni zile zilizokwisha kutumika, zinazoletwa kutoka Dubai, nzima na imara, lakini zina miaka minane au kumi.

Tatizo limeanzia hapo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Haikuzimika, inawaka kama kawaida. Ila matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mwaka mmoja wa nyongeza, nao unamalizika Oktoba 2026. Windows 11 ina masharti yake: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za Core kuanzia kizazi cha 8. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ni ya kizazi cha 6. Ina kibodi nzuri, ina chuma kigumu, ukiiongezea RAM inakwenda mbio. Haina ubaya wowote, ila imekataliwa mlangoni.

Mwanamke akiipeleka mashine kama hiyo kwa fundi ataambiwa moja kati ya mawili: nunua nyengine, au niachie nikupigie window ya krek. La kwanza linahitaji pesa, na baada ya mahari, ukumbi na vyombo, pesa hazipo. La pili ni rahisi na ndilo wanalolikubali wengi. Sisi hatulikubali, na tunataka kusema kwa nini.

Tuanze na dini, maana humu ndimo tunamoanzia kila jambo. Programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila ridhaa yake. Majmaa ya kimataifa ya fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, ililizungumza suala la haki za watunzi na wavumbuzi katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ikaona kuwa ni haki zinazolindwa kisharia na haifai kuzivamia. Sisi si mamufti, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini tunajiuliza wenyewe: tunachambua viungo vya vipodozi ili tujue kama mna mafuta ya nguruwe, tunauliza jelatini ya keki imetoka wapi, halafu biashara yote ya keki inaandikwa kwenye kitu kilichoibwa? Tena krek nyingi hukutaka uzime ulinzi wa kompyuta kabla hujaiweka. Mgeni anayekwambia ufungue mlango wa nyuma kwanza ndipo aingie, huyo wewe unamjua nia yake?

La pili ndilo lililotufanya tuandike. Tunazungumzia picha.

Kwenye kumbi zetu za wanawake tumezoea simu kukusanywa mlangoni. Akina mama wanasimama pale na kikapu, na ole wake atakayefichua simu ndani ya pochi. Tunafanya hivyo kwa sababu biharusi amevaa alivyovaa, na dada zake wamevua mabuibui, na hiyo ni sitara yao. Mpiga picha ni mwanamke. Picha zinakabidhiwa kwa mkono, kwenye fleshi, kwa mwenyewe tu. Kisha miezi mitatu baadaye laptopu inakuwa nzito, na ile albamu nzima, pamoja na picha za siku ya singo, inakwenda kukaa siku mbili juu ya meza ya duka la kijana ambaye hatumjui hata jina la baba yake. Ili apige window mpya, kijana anakopi faili zote kwenye diski yake kwanza, "zisipotee". Je, anazifuta akimaliza? Tumesikia visa zaidi ya kimoja, na hatutaji mtu wala duka, kwa sababu wengi wa mafundi ni watu wema wanaotafuta riziki yao. Lakini sitara ya mwanamke haiwekwi rehani kwa kutegemea wema wa mtu asiyejulikana.

Wapo wanaosema, "Mimi nina neno la siri." Neno la siri la kufungulia Windows, peke yake, ni pazia. Diski ikichomolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyengine, kila kitu kinasomeka. Na wanaofuta picha kabla ya kuipeleka mashine wajue kuwa faili lililofutwa mara nyingi linaweza kurudishwa. Kinachofaa ni diski yenyewe iwe imefungwa, kila herufi iliyomo imegeuzwa fumbo, isisomeke bila ya ufunguo. Windows inaweza kufanya hivyo kwa BitLocker, lakini hiyo kamili imewekwa kwenye matoleo ya Pro, si ya Home. Kwenye Linux kazi hiyo ni ya bure, na unaichagua siku ile ile unayoiweka.

Sasa Linux ni nini? Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows ilivyo mfumo. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Kifini aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leseni yake inamruhusu kila mtu kuutumia, kuunakili, kumpa jirani, hata kuubadilisha. Yaani ukimnakilia shoga yako kwenye fleshi hujamwibia mtu, umepewa idhini tangu mwanzo. Kiini hicho ni kama mchele. Kila mpishi anauchukua na kuupika kwa viungo vyake: huyu anatoa pilau, yule biriani, mwengine wali wa nazi. Mapishi hayo ndiyo yanayoitwa distro, na yako mamia. Hapo ndipo akina dada wengi wanapochoka kabla hawajaanza, maana kila kijana wanayemuuliza anawatajia lake.

Sisi tunataja moja. Mwanamke ambaye hajawahi kuigusa Linux, mwenye laptopu ya kawaida ya nyumbani, aweke Linux Mint.

Jina lenyewe ni nanaa, na toleo lake kuu linaitwa Cinnamon, mdalasini. Kwa watu wa visiwa vya karafuu hilo peke yake lingetosha! Na kila toleo linapewa jina la mwanamke, na karibu yote yanamalizikia na herufi a: la kwanza la mwaka 2006 liliitwa Ada, la 22 ni Wilma, la 22.2 ni Zara, la 22.3 ni Zena. Mwenzetu mmoja ana shangazi yake Zena, na imekuwa mzaha wa mwezi mzima.

Tukiacha mzaha, sababu zetu ni hizi. Mint inafanana na Windows mlivyoizoea: kitufe cha menyu chini kushoto, saa chini kulia, folda zako pale pale. Mama mkwe akitaka kutazama darsa kwenye mtandao hatahitaji somo. Inakuja na kivinjari cha Firefox na LibreOffice ya kuandikia barua na mahesabu, hivyo siku ya kwanza tu unafanya kazi. Imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo karibu kila jibu lililoandikwa duniani kuhusu Ubuntu linaifaa na Mint pia. Mfululizo wa 22, ulioanza Julai 2024, utahudumiwa hadi mwaka 2029. Biharusi wa leo atakuwa na watoto wawili inshaallah, na mashine bado inapata masasisho.

Na iko sababu ya bando. Sisi tunaishi kwa vifurushi vya simu. Mint inakuonesha orodha ya masasisho yaliyopo na ukubwa wa kila moja, halafu inakungoja wewe useme ndiyo. Ubuntu ya kawaida ina programu za aina ya snap zinazojisasisha zenyewe nyuma ya pazia, na ingawa unaweza kuzizuia, anayeanza hajui hata kuwa zipo. Anajua tu kuwa GB zake zimekwisha na mwezi haujafika kati.

Hatuibezi Ubuntu. Imeanza mwaka 2004 kwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na neno lenyewe ni ndugu wa utu wetu, shina moja la Kibantu. Matoleo yake ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili. Ukiwa na mashine mpya yenye RAM ya kutosha na intaneti ya nyumbani isiyohesabu, basi ni nzuri. Zorin OS nayo, ya ndugu wawili wa Dublin, inapendeza macho, na toleo lake la 18 lilitoka siku ile ile Windows 10 ilipoachwa, tarehe 14 Oktoba 2025. Walijua wanachokifanya. Lakini toleo lake la Pro ni la kulipia, na kwa sura iliyopambwa zaidi sisi hatuoni kinachozidi ile ya bure ya Mint. Aliyekwisha kuiweka Zorin asihangaike kuitoa.

Msikubali kuwekewa Kali. Vijana wanaipenda kwa sababu ya lile joka kwenye skrini na sifa za udukuzi, lakini imetengenezwa kwa wataalamu wa kupima usalama wa mitandao, si kwa kuandika bei za vitumbua. Arch ni ya mwenye muda wa kusoma. Fedora ni kazi safi ya watu makini, ila kila toleo lake linahudumiwa kiasi cha miezi kumi na mitatu tu, kisha lazima uhame. Nani ana bando la kuhama kila mwaka?

Tunajua swali litakalofuata, kwani hakuna Linux ya Waislamu? Ilikuwepo. Mwaka 2007 ilitoka Ubuntu ya toleo la Kiislamu, baadaye ikaitwa Sabily, ikiwa na programu ya msahafu, ya nyakati za sala, na kichujio cha kurasa chafu. Mwaka 2011 ilitoa toleo lake la mwisho. Bado mtaikuta mtandaoni, na jina linavutia, lakini msiiweke. Mfumo ambao hausasishwi kwa zaidi ya miaka kumi ni nyumba isiyo na milango, hata kama juu yake imeandikwa Bismillahi. Adhana mnayo kwenye simu. Kwenye Mint mnaongeza kibodi ya Kiarabu kwa dakika mbili, mkaandika aya na dua kutoka kulia kwenda kushoto bila tabu.

Kiswahili, ole wetu, bado. Menyu nyingi mtazisoma kwa Kiingereza. Hilo linatuuma, kwa sababu miaka ishirini na kitu iliyopita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kazi kama ile inataka watu wa kuiendeleza. Tuna mabinti wanaosoma kompyuta na mabinti wanaosoma lugha. Wakikaa pamoja wiki chache za likizo wangeweza kutafsiri mengi.

Haya, tuje kwenye kuiweka. Faili la Mint linakaribia GB 3, kwa hiyo mmoja apakue, wengine wachukue kwake. Mnahitaji fleshi isiyo na kitu, GB 8 inatosha, na programu ndogo ya kuandikia kama balenaEtcher au Rufus. Kukopi faili kwenye fleshi kama mnavyokopi picha hakutoshi, lazima liandikwe na programu hiyo. Kisha mnaichomeka, mnaiwasha mashine huku mkigusa F12, F9 au Esc, kwa kutegemea kampuni yake, na Mint inafunguka kutoka kwenye fleshi bila kugusa chochote kilichomo ndani.

Uzuri mkubwa uko hapa, na wengi hawaujui. Unaweza kukaa nayo siku nzima kabla ya kuamua. Jaribu Wi-Fi. Jaribu sauti, kamera, printa. Printa nyingi za HP zinakubali zenyewe. Aina nyengine zina ukaidi. Kama Wi-Fi haikuonekana, unganisha simu kwa waya wake, washa kugawa intaneti, kisha fungua meneja wa madereva ndani ya Mint utazame kama kuna dereva la kuongeza. Ikiwa kitu unachokihitaji hakikukubali, chomoa fleshi, uwashe tena, Windows yako iko vile vile.

Kwenye RAM ya GB 4 chagueni toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Kuanzia GB 8 chukueni Cinnamon bila wasiwasi. Wenyewe Mint wanasema GB 2 inawezekana, lakini Firefox ikifunguliwa kurasa tano mtajuta. Na mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka, shilingi ya mwanzo ikanunue SSD. Hakuna distro itakayoiponya bila hiyo.

Siku ya kuiweka kabisa, picha zote ziwe zimeshakopiwa kwenye diski ya nje, na mmezifungua mkaziona, kwa sababu kuiweka kunafuta kila kitu. Unapofika mahali pa kuchagua kufuta diski, kuna kitufe kimeandikwa Advanced features. Kibonyezeni. Humo ndimo mnamochagua LVM na kuifunga diski kwa fumbo. Ukipita hapo bila kukibonyeza, itakubidi uanze upya ndipo uipate tena, na ndiyo sababu yetu kubwa ya kuhama. Wengine watawashauri muweke Windows na Linux pamoja kwenye mashine moja. Kwa anayeanza, mwenye diski ya GB 128, sisi tunaona ni kumgombanisha mtu na mke mwenza kwenye chumba kimoja.

Wako wasiofaa kuhama, na tuseme wazi. Anayehariri picha za harusi kwa Photoshop na ndiyo riziki yake, abaki. GIMP ni nzuri lakini mkono wake ni mwengine. Mhasibu ambaye ofisi yake inatumia programu ya Windows tu, abaki. Anayepokea kila siku mafaili ya Word yenye majedwali mazito atakuta LibreOffice inayasogeza sogeza. Lakini wa Canva, WhatsApp, benki ya mtandaoni, Excel ya mapato na matumizi, na darsa za YouTube, huyo hatopungukiwa na kitu. Na akina dada wanaotarizi mashuka ya harusi kwa mashine za kompyuta, waitazame Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape: inatengeneza mafaili ya tarizi, nayo ni ya bure. Watoto wakija, iko GCompris ya kuwafundishia herufi na hesabu.

Tatizo tunalolikubali ni mafundi. Wengi wao hapa hawaijui Linux, na ukiwapelekea kioo kilichopasuka watakwambia, "Hii nini? Nikupigie window?" Jibu ni hapana. Mpeni mashine pamoja na ile fleshi yenye Mint, bila neno la siri. Awashe kutoka kwenye fleshi, atazame kioo, kibodi, betri, chochote alichokirekebisha, na diski yenu ibaki imefungwa mbele ya macho yake. Akisema hawezi kufanya kazi bila ya neno la siri, mchukue mzigo wenu muende kwa mwengine.

Limebaki neno lenyewe. Liwe refu, maneno manne au matano yasiyohusiana, si jina la bwana na mwaka wa ndoa. Likisahaulika hakuna fundi, hata kampuni, atakayelifungua, picha zimekwenda. Na Timeshift iliyomo ndani ya Mint inatunza mfumo, haitunzi picha zenu, kwa hiyo ile diski ya nje muiweke, nayo muifunge kwa neno la siri kupitia programu ya Disks kabla ya kuijaza. Neno liandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, likunjwe, liwekwe ndani ya kasha pamoja na dhahabu na cheti cha ndoa.

Wassalaam.